Dafodili za urithi: kwanini ua la mwaka 1620 bado ni lile lile

Kila mwaka mwezi wa tatu ukiingia, grupu letu la WhatsApp la Wabongo wa Virginia linajaa picha za maua ya njano. Mtu kapiga mbele ya nyumba aliyopanga, mwingine pembeni ya barabara kuu, mwingine nje ya kanisa, na maswali ni yale yale: haya maua yanaitwaje, mbona yameota yenyewe, naweza kuyapeleka nyumbani? Safari hii ubishi ukakolea kwa sababu dada mmoja aliweka picha ya mfuko wa dafodili za kupanda alionunua umeandikwa King Alfred, jina la aina moja ya zamani, ya urithi, bei imechangamka, mwingine akamjibu dada hapo umepigwa, hiyo siyo King Alfred. Akatokea wa tatu akasema ya urithi ni ile ya porini. Wa nne akasema hapana, ni mbegu za kienyeji kama za nyanya. Nikaona bora niandike kwa utulivu, manake kwenye grupu ujumbe ukipita saa moja umeshazikwa, na haya maua nayapenda kweli, huu ni mwaka wa sita nayalima.

Kwanza majina, kwa sababu nusu ya ubishi wetu ulikuwa majina tu. Narcissus ni jina la kitaalamu la kundi zima, dafodili ni jina la mtaani la Kiingereza, kwahiyo kila dafodili ni Narcissus na kila Narcissus ni dafodili, hamna tofauti. Waarabu wanaita narjis, na jina la kike Nargis ambalo hata pwani yetu lipo limetokana na ua hili hili. Jonkwili ndo inayochanganya watu. Kitaalamu jonkwili ni tawi moja tu, majani yake membamba ya kijani iliyokolea, maua madogo mawili matatu au zaidi kwenye kikonyo kimoja, na harufu tamu kiasi kwamba ukiweka vikonyo vitatu sebuleni nyumba nzima inajua. Ila wazee wa kusini mwa Marekani dafodili yoyote ya njano kwao ni jonkwili, kama sisi tunavyoita dawa yoyote ya meno Colgate. Jirani akikwambia jonkwili zangu zimetoka usimsahihishe, we angalia ua lenyewe.

Na ua lenyewe lina vitu viwili vya kuangalia: petali sita za nje na kikombe cha katikati. Kikombe kikiwa kirefu kufikia petali au kuzipita, hapo kinaitwa tarumbeta. Kwa kupima kikombe na petali, na kuhesabu maua kwenye kikonyo, na vitu vingine vichache vya namna hiyo, Royal Horticultural Society, chama cha bustani cha Uingereza, imezigawa dafodili zote makundi 13, na majina waliyosajili yamepita 30,000. Usihangaike kuyakariri. Chini ya udongo kuna tunguu, ukilikata katikati linafanana sana na kitunguu maji, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka ni ghala la chakula cha mmea. Naliita tunguu makusudi, ili lisichanganywe na kitunguu cha jikoni, na hilo la kuchanganya nitalirudia mbele kwa sababu lina hatari.

Sasa tuje kwenye urithi. Neno hili watu wamelizoea kwenye mboga. Nyanya ya urithi ni aina ya zamani ambayo mbegu yake ukiipanda inazaa nyanya kama mama, tofauti na chotara. Unakamua mbegu, unazikausha kwenye gazeti, unapanda msimu ujao. Kila msimu ni kizazi kipya, mama anakufa watoto wanashika nafasi. Dafodili haiendi hivyo hata kidogo. Ukichukua mbegu ya dafodili ya bustanini ukaipanda utasubiri miaka kama minne mitano ndo uone ua, na litakalotoka siyo la mama yake, laweza kuwa zuri, laweza kuwa baya, ila ni mtu mwingine kabisa. Waliolima parachichi Njombe wanaelewa, kokwa la Hass ukilifukia hutapata Hass, ndo maana miche inabebeshwa.

Kinachopita mkono hadi mkono kwenye dafodili ni tunguu. Na kwetu Bukoba jambo hili halihitaji maelezo marefu kwa sababu tumekulia ndani ya migomba. Mgomba haupandwi kwa mbegu. Bibi anang'oa chipukizi pembeni ya mgomba, anampa binti yake anayeanza maisha, binti anapanda kwake, miaka inapita, mjukuu naye anakuja kung'oa hapo. Mgomba wa mjukuu siyo mtoto wa mgomba wa bibi. Ni mgomba wa bibi wenyewe, umehama shamba. Tunguu la dafodili ni hivyo hivyo, kila mwaka linatoa matunguu madogo ubavuni, yanakua, yanaachana na mama, baada ya miaka kadhaa ulipopanda moja kuna kumi na mbili zimebanana kama vidole vya ndizi. Zote ni mmea mmoja.

Kwahiyo mtu akikwambia dafodili hii ni ya 1620 hazungumzii ukoo ulioanza 1620. Anazungumzia mmea ule ule, mwili ule ule, ambao umekuwa ukijigawa chini ya udongo miaka 400 na watu wakawa wanaubeba.

Na hiyo ya 1620 ipo, inaitwa Van Sion. Ni ya njano, ua lake limejaa petali ndani ya petali mpaka tarumbeta limefurika, siku nyingine linatoka na vipande vya kijani ndani yake. Jina limetokana na Vincent Sion, mtu wa Flanders (upande wa Ubelgiji ya leo) aliyekuwa anaishi London kando ya mto Thames, aliyelitunza miaka mingi mpaka likamfungulia ua 1620. Tunayajua haya kwa sababu mfamasia mmoja wa London, John Parkinson, aliyaandika kwenye kitabu chake cha 1629, na hakuishia hapo, aliandika pia kwamba Sion aliwagawia marafiki, na mmoja wao, George Wilmer, akataka lijulikane kuwa ni lake kana kwamba yeye ndo mwanzilishi. Miaka 400 iliyopita! Nikisoma hapo namuonea huruma Vincent Sion, mtu katunza tunguu miaka yote hiyo, kagawa kwa moyo safi, rafiki anageuka. Nashukuru jina lililobaki ni la kwake.

Je mpaka wa zamani ni upi? Chama cha dafodili cha Marekani, American Daffodil Society, kimeweka mstari ulio wazi: iliyokuwepo bustanini kabla ya 1940 inahesabiwa ya kihistoria, na iliyotoka kati ya 1940 na 1969 ina daraja lake la pili, klasiki. Wauzaji hawalazimiki kuufuata huo mstari, neno urithi kwenye mfuko mtu yeyote anaweza kuliandika, lakini ukiwa nao kichwani unajua cha kuuliza. Uliza jina, uliza mwaka. Muuzaji anayejua kazi yake anakutajia vyote viwili.

Hapo tumeshajibu na yule wa porini, ila niongeze kidogo. Dafodili za porini kweli zipo, asili yake ni Ulaya na nchi za kuzunguka bahari ya Mediterania, na Hispania na Ureno ndo zina aina nyingi kuliko kokote, Morocco nako zipo. Marekani haina dafodili hata moja ya asili. Hata moja. Kwahiyo ukiikuta msituni Virginia, aliileta mtu. Wahamiaji kutoka Uingereza walikuja na matunguu karne ya 17, yakaipenda ardhi, kaunti ya Gloucester huku Virginia ikaja kuwa na biashara kubwa ya haya maua, hadi leo wana tamasha lao la dafodili kila masika.

Mwaka wa pili tangu nianze kulima nilikuwa natembea msituni mwezi wa tatu, miti bado haina majani, nikaona mistari miwili ya njano kati ya miti, imenyooka kama imepimwa kwa kamba. Nikaifuata. Hatua kama thelathini. Mwisho wake kulikuwa na lundo la mawe, mabaki ya dohani la nyumba, na kisima kilichofukiwa. Nyumba imekufa, mbao zimeoza, njia ya kwenda mlangoni haipo, lakini aliyepanda maua pande mbili za njia hiyo maua yake yameendelea kufunguka kila mwaka bila mtu wa kumfungulia mlango. Nilisimama pale muda mrefu. Kwenye maeneo mengi ya kusini bustani za matajiri zililimwa kwa mikono ya Waafrika waliofanywa watumwa, kwahiyo huwezi kujua mkono uliofukia yale matunguu ulikuwa wa nani, na mimi siwezi kuyaona yale maua bila kuuwaza huo mkono. Sikung'oa hata moja. Kung'oa kwenye ardhi ya mtu au hifadhi bila ruhusa ni kosa, na pia unakuwa umefuta alama pekee iliyobaki kwamba watu waliishi hapo.

Turudi kwa dada yetu na mfuko wake wa King Alfred. King Alfred ni ua la kweli na ni la zamani kweli, lilizalishwa Uingereza na John Kendall, likapewa tuzo ya juu ya Royal Horticultural Society mwaka 1899, na yeye Kendall alikuwa ameshafariki, hakuliona likipata sifa. Enzi zile tarumbeta kubwa la njano tupu, limesimama juu ya kikonyo kirefu, lilikuwa kitu cha kushangaza. Likapendwa mno, jina likawa kubwa kuliko ua. Baadaye zikaja aina nyingine ambazo kwa wakulima wakubwa ni rahisi zaidi kuzizalisha, kama Carlton na Dutch Master, nazo zikawa zinauzwa kwa jina lile lile kwa sababu ndo mteja analolijua. Leo ukinunua mfuko wa King Alfred kwenye duka la kawaida karibu kila mara ndani yake ni Dutch Master au ndugu yake. Wengine wanaandika kwa maandishi madogo "aina ya King Alfred", hilo neno aina ndo la kuliangalia. Mimi mwenyewe mwaka wa kwanza nilinunua matunguu hamsini duka moja hivi, nikayapanda yote, nilipopeleka picha kwa watu wanaojua wakaniambia Dutch Master. Niliumia, siyo kwa hela tu, niliumia kwa sababu nilishawatangazia watu nina ua la 1899. Ila lazima niseme ukweli, Dutch Master ni ua zuri na ni gumu, halina kosa lolote. Kosa ni la aliyeandika mfuko. Ukitaka kuhakiki ua, chama hicho cha Marekani kina hifadhi ya picha mtandaoni inaitwa DaffSeek, bure, unaandika jina unalinganisha picha.

Kupanda sasa, na hapa hakuna uchawi. Huku kwetu Virginia ni mwezi wa kumi na wa kumi na moja udongo ukishapoa, Uingereza wanaanza mwezi wa tisa. Jua la kutosha, na udongo usiotuamisha maji, hilo la maji usilifanyie mchezo, tunguu likikaa kwenye tope linaoza kuanzia kitako. Kina ni kama mara tatu ya urefu wa tunguu, yaani tunguu la sentimita 5 linaenda shimo la 15, ncha juu, kitako chini. Usipopatia sana usijali, linatoa mizizi maalumu inayojikunja na kulivuta chini lenyewe taratibu. Samadi mbichi usitie, inaozesha. Mbolea iwe kidogo, yenye potashi zaidi kuliko naitrojeni, manake naitrojeni nyingi inakupa majani ya kupendeza na maua hamna.

Baada ya hapo kazi kubwa ni moja, na ndo watu wengi wanashindwa: kuyaacha majani. Ua likishanyauka, majani yanabaki yamelala lala, yanaanza kugeuka njano, bustani inaonekana chafu, mwenye nyumba anakusumbua, unachukua mashine ya kukatia nyasi unapitisha. Mwaka wa kwanza nilifanya hivyo, wiki mbili tu baada ya maua kuisha. Mwaka uliofuata nikapata majani matupu, maua manne kwenye tuta zima.

Kwanini iwe hivyo? Kwa sababu ua la mwaka kesho halitengenezwi mwaka kesho. Linatengenezwa sasa hivi, kati ya masika na mwanzo wa kiangazi, ndani ya tunguu, kwa chakula kinachopikwa na yale majani unayoyaona takataka. Bibi jirani yangu, mama wa Kimarekani aliyepita miaka themanini ambaye ndo mwalimu wangu kwenye haya mambo, alinionyesha kwa macho. Ilikuwa mwezi wa saba, tunachimba tuta lake lililobanana, jembe uma likatoboa tunguu moja. Akasema usilitupe, akavaa glavu, akalipasua kwa kisu kutoka kwenye ncha mpaka kitako, akanipa lenzi. Tabaka nyeupe zinazoteleza, halafu katikati kabisa, juu kidogo ya kitako, kuna kitu cha rangi ya maziwa hakijafikia punje ya mchele. Nikasogeza lenzi. Petali. Zimejikunja, ndogo ndogo sana, lakini petali kabisa, na kiduara katikati ambacho kingekuja kuwa kikombe. Mwezi wa saba! Miezi minane kabla ya kufunguka. Tangu siku hiyo sijagusa jani la dafodili mpaka lilale lenyewe.

Kwahiyo hesabu angalau wiki sita tangu ua linyauke, au subiri majani yageuke njano yenyewe, hiyo ndo salama zaidi. Na ile ya kuyasuka majani au kuyafunga mafundo kwa mpira ili pasafike, ambayo utaiona kwenye bustani nyingi za wazee, nayo acha, jani likikunjwa halipati jua, ni kama kumfunga mpishi mikono halafu unategemea chakula. Unachoweza kukata ni lile ua lililonyauka, ili mmea usipoteze nguvu kwenye mbegu. Kama uchafu unakukera, panda mbele yake kitu kitakachokuwa kirefu kipindi hicho kikayafiche.

Ukiona majani mengi maua hamna na huna kosa la kukata, angalia kama zimebanana. Ndo sababu ya kawaida kwenye matuta ya zamani. Miaka mitatu minne mitano ikipita, au siku yoyote maua yakianza kupungua, chimba majani yakiwa yanakufa, usingoje yapotee kabisa manake hutajua zilipo. Ziachanishe kwa mkono, inayogoma kuachana usiilazimishe, rudisha ardhini kwa nafasi ya kama sentimita 15. Sababu nyingine ni kivuli cha mti uliokua, ukame wa masika, au nzi mmoja anayefanana na nyuki mkubwa, anataga chini ya majani, funza anaingia anakula tunguu ndani, ukilibonyeza linabonyea. Hilo tupa. Na hizi zenye ua lililojaa kama Van Sion zina tabia yao, masika ikija na joto la ghafla chipukizi linakauka ndani ya ganda lake kabla ya kufunguka. Hujakosea kitu, ni hali ya hewa, mwakani utaona.

Watu wanauliza kama za zamani ni ngumu kuliko mpya. Jibu langu ni kwamba zilizobaki ni ngumu, kwa sababu zilizokuwa legelege zilishakufa na hatuna namna ya kuzijua. Usiichukulie kwamba kila cha zamani ni imara. Tena kuna tatizo ambalo za zamani zinalo zaidi: kwa vile ni mwili mmoja unaojigawa, ukipata kirusi unabaki nacho, unakigawa kwenye kila tunguu dogo. Ukiona majani yana michirizi ya njano njano tangu yanapochomoza, siyo kukosa mbolea, na dawa hakuna, chimba tupa mbali, usitie kwenye mboji.

Karibu tuzipoteze zote mara moja. Mwanzoni mwa karne ya 20 minyoo midogo isiyoonekana kwa macho ilikuwa inamaliza mashamba ya dafodili Uingereza, wakulima wanachoma matunguu kwa malundo. Kijana mmoja, James Kirkham Ramsbottom, akapewa kazi ya kutafuta suluhisho kwenye bustani ya Wisley, ya ile Royal Horticultural Society, na akiwa bado katikati ya Vita ya Kwanza ya Dunia, 1917, akatangaza jibu: loweka tunguu lililolala kwenye maji ya moto nyuzi 43 hivi za Selsiasi kwa saa tatu nne, minyoo inakufa, tunguu linabaki hai. Maji ya moto basi! Mpaka leo wakulima wakubwa wanatumia njia iliyotokana na hiyo, na nikiangalia Van Sion yangu najua kuna mtu alikaa na kipimajoto ili imfikie mtu kama mimi.

Hatari niliyoahidi kuirudia ni hii: dafodili ni sumu, yote, na tunguu ndo zaidi. Mtu akilila anatapika vibaya na kuumwa tumbo. Uingereza 2009 watoto wa shule walipelekwa hospitali baada ya tunguu kuingia kwenye supu waliyopika, lilidhaniwa kitunguu, na 2015 mamlaka ya afya ya kule iliziomba supamaketi zisiweke dafodili karibu na mboga, kwa sababu wapo watu, hasa wageni, waliokuwa wanazipika. Sisi wageni tusikilize hapo. Matunguu usiyahifadhi jikoni, usiyaweke kwenye mfuko usioandikwa, na utomvu wake unawasha ngozi kwahiyo vaa glavu. Hiyo hiyo sumu ndo sababu panya na paa hawazigusi, na ndo maana zimedumu kwenye magofu. Na ukikata za kuweka ndani, ziweke chombo chake peke yake, utomvu unadhuru maua mengine. Kuna anayesema zinatibu usahaulifu: kweli kuna dawa inaitwa galantamini, hutolewa kwenye dafodili, inapewa wagonjwa wa Alzheimer, na Wales kuna zinazolimwa kwa kazi hiyo. Lakini ni dawa iliyochujwa na kupimwa kiwandani. Usichemshe ua ukampa mzee.

Na je nyumbani, zitaota? Tunguu la dafodili nyingi linahitaji wiki 12 mpaka 16 za baridi mfululizo, chini ya nyuzi 9 au 10 hivi, ndo kikonyo kirefuke. Dar, Mombasa, Unguja, hapo hamna maelewano. Hata Kitulo ambako usiku barafu inashika nyasi, mchana jua linapasha udongo, na tunguu linahesabu wiki nzima, halihesabu usiku mmoja mmoja. Kuna wanaoliweka kwenye friji miezi mitatu, inawezekana, ila lisikae na matunda kwa sababu hewa inayotoka kwenye tunda linaloiva inaua ua lililo ndani, na hata likifunguka ukalipanda nje, mwaka wa pili utaanza friji upya. Zipo nyeupe zenye maua mengi kwenye kikonyo ambazo hazidai baridi, hizo ndo za kujaribu sehemu za milimani. Lakini usilitie tunguu kwenye begi ukapanda ndege, mmea kuingia Tanzania una kibali chake na cheti cha afya ya mimea, waulizeni TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, kwanza. Mimi ninayetoka kwenye migomba iliyoteswa na mnyauko siwezi kumshauri mtu avushe udongo wa nchi nyingine kwa siri.

Dada wa mfuko nilimpigia nikamwambia asizitupe Dutch Master zake, aziache palepale. Halafu kiangazi hiki nimechimba tuta nililopewa na bibi jirani, nimemtengea huyo dada kumi kwenye mfuko wa kaki, zinakauka kivulini. Jina lake hatulijui, mimi wala bibi, lina petali za rangi ya krimu na kikombe cha njano, linafunguka mapema kuliko yote mtaani. Juu ya mfuko nimeandika kwa kalamu ya risasi: jina halijulikani. Kutoka kwa bibi jirani, alizikuta kwenye nyumba hii alipohamia 1961. Usipike. Majani usikate.